Mpira Unaopitisha Uji wa Wimbi

Jamhuri, Nairobi
Jumapili mchana, Oktoba inaisha

Mama mpendwa,

Ni mimi Jafeth, mwanao wa tatu, yule uliyezoea kusema alizaliwa mdomo kwanza, mwili ukafuata baadaye. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, na miwani iko usoni, si kwenye mfuko wa aproni ambako huwa unaisahau halafu unatulaumu sisi. Goti la kushoto linasemaje na mvua hizi? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anatuzungusha? Usinijibu kwamba kila kitu ni kizuri. Ukiniandikia kwamba kila kitu ni kizuri, najua goti limevimba.

Sisi huku tupo. Agneta anashona sare za shule kwenye kile kibanda cha Ngong Road ulichokiona, mimi bado nauza mabomba ya maji katikati ya mji, na mjukuu wako Muhonja anapumua vizuri. Hilo la kupumua nitalirudia, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Lakini kwanza nikupe kioja. Wiki ya maonyesho ya kilimo, ng'ombe huletwa hapa uwanjani kutoka kila pembe ya nchi, na kutoka chumba chetu cha uani unawasikia kama wako mlangoni. Asubuhi moja niliamka nikisikia ng'ombe analia. Sikufungua macho. Nilijua kabisa niko kwetu, umeshawasha moto, moshi umejaa jikoni, wimbi linachemka, na nikizembea wakubwa watakunywa uji wote waniachie ule mzito wa chini ya sufuria. Nikakaa hivyo, mtu mzima mwenye ndevu, nikingojea uniite. Kisha kipaza sauti cha uwanjani kikaanza kusifia trekta. Mama, nililia kidogo. Agneta akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni vumbi.

Ningekupigia simu, ila simu ya dukani huko kwenu inasikika soko zima, na mwenye duka huwa anakusaidia kujibu. Ninalotaka kusema si la soko.

Jambo lenyewe ni hili. Krismasi tunataka kumleta Muhonja nyumbani. Anakuja akiwa na mpira tumboni, na kupitia huo ndimo anamokula siku hizi. Sitampandisha gari kabla hujaniahidi kitu kimoja. Na siwezi kukuomba kitu hicho bila kwanza kukiri changu, kwa hiyo tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuanza kuniita majina.

Unakumbuka Agosti ulipokuja kukaa nasi. Muhonja alikuwa na ule mpira mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni, umebandikwa shavuni kwa plasta. Ulipoingia mlangoni ukamwangalia, ukaweka kikapu chini, ukasema, "Mama mkwe, nani amekufunga kamba kama mbuzi?" Sote tulicheka. Tangu siku tulipompa jina la mama yake Baba, hujawahi kumwita mjukuu. Ni mama mkwe tu, na kila akikunja uso unasema ndivyo alivyokuwa yule mwenyewe, ambaye kwa maneno yako hakuwahi kusifu chakula chako hata siku moja.

Jioni ile tukakueleza mambo ya kliniki. Kwamba tangu azaliwe akachelewa kulia, misuli yake haimtii, hata ile ya koo. Kwamba daktari alikuwa ameanza kuzungumzia kufungua tundu dogo tumboni. Ulisikiliza, ukasema, "Mtu ana mdomo. Mtoto hatobolewi kama gunia." Ukaenda kulala. Nilijua mazungumzo hayajaisha, ila sikujua utayaendeleza kwa mkono.

Mama, nataka uelewe nilichokiona ile Jumamosi. Dukani tulifunga saa saba, nikafika nyumbani mapema. Agneta alikuwa kazini. Nikakuona kupitia mlango uliokuwa wazi nusu. Ulikuwa umekaa kwenye kile kigoda, miguu umeinyoosha, leso mapajani, Muhonja amelala chali juu yako. Kiganja cha kushoto umekikunja chini ya mdomo wake, na kwa kikombe unamimina uji kwenye kiganja, kidogo kidogo, ukijaa mdomoni anameza. "Kunywa, mama mkwe, kunywa, tuwaonyeshe." Ule mpira wa puani ulikuwa umeusukuma kando ya sikio.

Na chumba kizima kilinukia wimbi.

Ndivyo ulivyotukuza sote watano. Mimi mwenyewe sikumbuki kulishwa, lakini nakumbuka ukimlisha kitinda mimba wetu, na nakumbuka akina mama wa ng'ambo ya kijito wakikuletea watoto wao waliokataa kula. Walikuwa wakiweka mtoto mapajani mwako na kukaa pembeni kama watu waliofika kwa fundi. Hukuwahi kushindwa. Mtoto analia, anapiga teke, halafu ghafla anatulia, na unamrudisha kwa mama yake tumbo likiwa gumu kama ngoma. Kiganja kile nilikiogopa na kukipenda. Baada ya kazi ulikuwa ukikipangusa kwenye nyasi na kunipa nilambe kilichobaki kati ya vidole.

Kwa hiyo, Mama, nilisimama mlangoni. Nilijua daktari amekataza chochote kupitia mdomoni. Nilimsikia Muhonja akikohoa, kile kikohozi cha majimaji. Neno moja lingetosha. Lakini nilikuwa nimerudi kuwa na miaka sita, na nilitaka uendelee. Nikazunguka uani, nikanawa uso, nikarudi nikigonga kwa kishindo ili upate muda wa kumaliza.

Hujui kwamba nilikuona. Sasa unajua.

Uliondoka Jumatatu. Jumatano Muhonja alikuwa akipumua kwa mbavu, midomo imebadilika rangi. Tulimkimbiza hospitali moja huko Parklands, akalazwa siku tisa akiwa na hewa ya mtungi. Ulipouliza kwa simu, nilikwambia ni homa ya baridi. Haikuwa baridi. Ulikuwa uji, Mama, na si wako tu. Wiki ile Agneta naye, akiamini anameza sasa, alikuwa amempa chai kwa kijiko mara mbili. Daktari alituonyesha picha ya kifua na kutueleza taratibu: mtoto mwingine ukimjaza mdomo, koo linafunga njia ya hewa na kufungua ya chakula. Koo la Muhonja halijui kufunga. Kile tulichoona ni kumeza, nusu yake ilikuwa inateremka mapafuni. Kisha akauliza, "Nani alimlisha kwa mdomo?"

Agneta akanitazama. Nikasema, "Ni mimi." Sikuona kama nimedanganya sana.

Hapo ndipo hadithi ya mipira inapoanza, na hapa utanicheka. Nesi wa wodi ile, mama mmoja mnene wa huko Kiambu mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alituita mezani akapanga mipira mitatu juu ya taulo. Mimi kwa kazi yangu nikaona niko nyumbani. Nikaanza kuipima kwa kidole, kipenyo na unene wa ukuta, nikauliza inahimili presha gani.

"Baba Muhonja, wacha kwanza," nesi akasema. "Hii ya mapua mmekaa nayo miezi ngapi?"

"Saba."

"Saba! Hii ni ya siku kidogo tu. Ni nyembamba, inaziba, mtoto anaivuta, na ikiingia mahali si yake, unamwagia maziwa kwa mapafu. Hiyo tumetoa kwa hesabu."

Wa pili ulikuwa mrefu, mnene kama kidole chako kidogo, wa rangi ya asali. Unaingia moja kwa moja tumboni kupitia ngozi, na kwa ndani una kipuli kinachojazwa maji kidogo ili usichomoke. Wa tatu ulikuwa mfupi mno. Unalala juu ya ngozi kama kifungo cha koti, una kifuniko chake, na wakati wa kula unachomeka mpira mwingine wa kuunganisha, ukimaliza unauchomoa.

Agneta alikishika kile kifungo akakataa kukirudisha mezani. "Mimi nataka hii. Analala tumbo, anavaa gauni, hakuna mtu wa kumwangalia kanisani."

"Iko poa sana hiyo," nesi akasema. "Lakini haiwekwi kwanza, mpaka kidonda kikauke vizuri. Akinona mnabadilisha saizi. Na hako ka-mpira ka kuunganisha kakipotea, mmekwama, hakapatikani kila mahali. Sasa niambie, nani atakuwa anamlisha? Huwa mnaenda ushago?"

Nikasema tunaenda, kwa mama yangu, Vihiga.

"Na huko anakula nini?"

"Uji wa wimbi."

Akacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Basi hiyo wimbi ndiyo itaamua. Hii ndefu ni pana, uji ikichungwa vizuri inapita. Na ikitoka, hospitali ya wilaya hawawezi kosa ingine."

Kufika nyumbani tukagombana, mimi na Agneta. Yeye alitaka kifungo mara tu kidonda kikikauka, mimi nilishika upande wa kubaki na mpira mrefu. Nikazungumza juu ya upana, juu ya kona chache, juu ya vipuri. Agneta akaniacha niongee hadi nikaishiwa, kisha akasema, "Baba Muhonja, unamwangalia mtoto wangu kama tangi la maji." Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nazungumza juu ya mabomba ili nisizungumze juu ya kisu. Nikamwambia ukweli: naogopa watamfungua tumbo kwa sababu nilisimama mlangoni. Na naogopa wewe, Mama, ukiona kile kipande cha mpira kinatoka kwa mama mkwe wako, utaona tumekupuuza, na hutamshika tena.

Akaendelea kukata uzi. Baadaye akasema, "Basi tuanze na huu mrefu. Akipona, tukiona haja ya kifungo, tutakitafuta. Lakini hauning'inii."

Na kweli hauning'inii. Ameshona mshipi mwepesi wa pamba wa kuzunguka tumbo, wenye kimfuko upande wa kulia, na mpira unakunjwa humo ndani chini ya gauni. Nesi alipouona aliomba ashonewe mingine ya kuonyesha wazazi.

Upasuaji ulifanyika Septemba. Sitakueleza ile saa ya kungoja kwenye benchi, nilihesabu vigae vyote vya ukuta na sikumbuki vilikuwa vingapi. Alitoka amelala, bila plasta shavuni. Mama, nilikuwa nimesahau uso wake! Ana vile vishimo viwili vya Baba. Miezi saba vilikuwa chini ya plasta.

Wiki za kwanza ilikuwa maziwa tu. Halafu Jumamosi iliyopita nesi akaturuhusu tujaribu uji. Nikatoa ile mikebe miwili ya unga uliyoacha. Nilipika mwembamba jinsi unavyompikia mzazi siku ya kwanza, nikauchuja kwa kichujio cha chai, halafu kwa kitambaa, halafu tena kwa kitambaa, huku Agneta akiniuliza kama napika uji au napika maji. Tukamketisha nusu wima, mgongo kwenye mto. Unafungua mpira, unachomeka bomba kubwa la sindano lisilo na sindano wala kile kijiti cha kusukumia, unamimina uji mle, na unashika juu.

Na hapo, Mama, ndipo nilipotamani ungekuwepo. Nilidhani kazi yote ni ya mpira. Kumbe ni ya mkono. Ukiinua mkono juu, uji unakimbia na mtoto anakunja uso. Ukishusha kidogo, unapungua. Ukishusha mno, unarudi. Hakuna koki, hakuna presha, hakuna hata kitu kimoja ninachokiuza. Lazima umwangalie mtoto usoni na mkono ujue wenyewe. Nilikuwa nimeshika usawa wa bega, kiganja kimekunjwa chini ya lile bomba lisiteleze, na nikakitazama kiganja kile nikakifahamu. Kilikuwa chako. Nikajikuta nasema, "Kunywa, mama mkwe, kunywa."

Alikunywa kikombe kizima bila kikohozi hata kimoja. Nikapitisha maji kidogo kusafisha mpira, nikaufunga, tukakaa. Baadaye akacheua, na puani nikapata harufu ya jiko lako, ile ya asubuhi, nikiwa hapa Jamhuri na dirisha limefungwa.

Sasa ombi langu. Muhonja asilishwe tena kwa kiganja. Si kidogo, si kwa siri, si siku ambayo anaonekana ana nguvu. Majirani wakija wakasema mtoto ananyanyaswa, waambie ni amri yako, wakuogope wewe, wamekuzoea. Wala usiuvute mpira ukidhani umejikunja. Ukitoka kwa bahati mbaya, tunamkimbiza hospitali saa ileile, kwa sababu tundu linajifunga upesi. Nitabeba mpira wa akiba, na nitakufundisha mwenyewe kushika. Najua utanikosoa ndani ya dakika mbili na kunionyesha jinsi inavyotakiwa. Ndicho ninachokitaka.

Siandiki haya kukushtaki. Ulikuja kumwokoa na kisu kwa kile ulicho nacho, na kile ulicho nacho ndicho kilichonifikisha mimi umri huu. Aliyekosa ni aliyejua na kunyamaza. Nimelibeba hili tangu Agosti, na nimechoka kukwambia homa ya baridi.

Kuna kitu kimoja kimebaki. Nesi anasema kifua kimesafika, na kwamba sasa anaweza kuonjeshwa, si kulishwa. Unachovya ncha ya kidole kwenye uji, unampaka mdomoni, basi, ili ulimi usisahau ladha. Agneta alitaka kuanza jana. Nilimzuia. Nimemwambia kidole cha kwanza kina mwenyewe na kiko Vihiga.

Msalimie dada mkubwa, umwambie gauni la mwanawe liko karibu kuisha, Agneta anasubiri vifungo. Msalimie kaka aliyebaki na shamba, na umwambie ile pampu anayoiota nimeiona, azidi kuota. Shangazi mkunga mpe salamu zake peke yake, na umsomee sehemu ya nesi, atafurahi. Mchungaji mwambie maombi yalifika. Baba pale alipolala, ukipita karibu, mwambie vishimo vyake vimeonekana.

Agneta anakusalimu na kukushika goti. Mama mkwe wako anakusalimu kwa kukunja uso kama kawaida yake.

Mimi ni mwanao anayekungojea umwite,
Jafeth, Baba Muhonja

Nimesahau: ule unga umeisha leo asubuhi. Tafadhali tuma mwingine kwa gari la Mbale, na usage mara mbili, mpira haupendi chenga. Nimejaribu wa dukani hapa. Ameukunjia uso.